Kiuno Hakina Haraka: Singeli, Kigodoro na Majukwaa ya Mbali

Anayesikia singeli kwa mara ya kwanza hushika kasi tu. Wimbo wa kawaida wa Bongo Fleva unatembea kwenye midundo 90 au 100 kwa dakika. Muziki wa haus unaopigwa klabu umezidi 120 kidogo. Singeli inaanzia jirani na 200 na inaweza kupanda mpaka 300, yaani midundo mitano ndani ya sekunde moja. Namba hizo zinashtua, na makala nyingi nilizosoma kuhusu muziki huu, hasa zilizoandikwa Ulaya, zinaanzia hapo na kuishia hapo: vijana wa Dar es Salaam, kompyuta za bei poa, mwendo wa kichaa.

Nimekulia Manzese, na kasi haijawahi kunishangaza. Kinachonishangaza mpaka leo ni utulivu uliomo ndani yake. Biti iko kwenye 240, mama wa makamo amesimama mbele ya spika, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu. Mtazame kiuno. Hakikimbizani na ngoma hata kidogo. Kinazunguka mara moja kwa kila midundo minne, mzunguko mmoja kwa sekunde, na mabega yametulia. Akitaka kuonyesha ufundi anashuka chini nusu kwa nusu, mkono mmoja umeshika goti, mwingine uko hewani, na ule mzunguko haukatiki. Pembeni yake kijana anacheza kwa miguu, anahesabu mara mbili ya kile kiuno, na mtoto aliyetoroka kitandani anarukaruka kwenye mwendo wa juu kabisa. Watu watatu, biti moja, hesabu tatu tofauti, na hakuna aliyekosea.

Hicho ndicho ninachotaka kukisema kuhusu singeli, na nitakisema kwa kirefu kwa sababu naona kinasahaulika kadiri muziki huu unavyozidi kusafiri. Singeli ina ghorofa. Kwa chini kuna mwendo wa taarab, na waliotengeneza muziki huu waliujenga juu ya miili ya wanawake waliokuwa wanacheza mwendo huo tangu zamani.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1990 uswahilini kulikuwa na mchiriku: kinanda kidogo cha Casio, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto kujifunzia, kimeunganishwa kwenye amplifaya ya zamani na honi, pamoja na ngoma na mwimbaji mwenye sauti kavu. Sauti ilikuwa inakwaruza, na mkwaruzo huo ulikuwa sehemu ya utamu. Jagwa Music wa Mwananyamala waliupeleka mtindo huo mpaka Ulaya, na albamu yao ilitolewa na lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012. Upande wa pili kulikuwa na taarab ya kisasa, rusha roho: East African Melody, baadaye Jahazi ya Mzee Yusuf. Wimbo mmoja unavuka dakika kumi bila shida. Mwimbaji anamaliza beti zake na mafumbo yake, kisha kinanda na gitaa vinaachiwa uwanja, mwendo unachangamka, na akina mama wanainuka kwenda kutunza. Sehemu hiyo ya mwisho, ambayo redioni mara nyingi inakatwa, ndiyo ambayo mtaani watu walikuwa wanaisubiri.

Madijei wa mtaa waliliona hilo. Wakakichukua kile kipande cha mwisho, wakakizungusha kisiishe, wakakiongezea mwendo. Kijana akashika maiki akaanza kuchana juu yake, kusifia, kutania, kutaja majina. Ukikiongezea kipande kasi namna hiyo sauti nayo inapanda, kinanda kinakuwa chembamba na chenye makali, gitaa linageuka kitu ambacho huwezi tena kukiita gitaa. Hakuna aliyekaa chini akasema tunataka kufanya majaribio ya sauti. Walikuwa na mkesha wa kuendesha, wateja wa kuwaridhisha na vifaa walivyokuwa navyo. Lakini walichokifanya, kukata, kurudia, kukimbiza, kuharibu sauti kwa makusudi na kubaki na kilicho kizuri, ndicho kinachofundishwa kwenye vyuo vya sanaa vya miji mikubwa kama muziki wa majaribio. Tofauti ni kwamba majaribio ya uswahilini yalikuwa na waamuzi wakali zaidi. Biti isipochezeka saa nane usiku, viti vya plastiki vinavutwa, watu wanakaa, na mwenye shughuli anamfuata dijei mwenyewe.

Kwa asiyefahamu kigodoro: ni mkesha wa mtaani, mara nyingi unaotangulia harusi, unyago au shughuli nyingine ya familia. Turubai linafungwa katikati ya njia, nyaya zinavutwa kutoka nyumba ya jirani au jenereta inakodiwa, spika zinapangwa juu ya spika mpaka ukuta wa nyumba ya karibu unatetema. Mama mdogo wangu alipomwoza binti yake alifanya hivyo hivyo, na ninachokumbuka zaidi ni kazi ya MC. Kabla ya kuchana alizunguka kwanza. Alikaa na shangazi wa bibi harusi akauliza nani ni nani. Alijua kaka mkubwa anaendesha bajaji, alijua mama mzaa chema ametoka Rufiji, alijua jirani gani wamegombana na gani wamepatana wiki ile. Aliposhika maiki, yote hayo yaliingia ndani ya mistari, kwa vina, papo kwa papo, na kila aliyetajwa aliinuka na noti. Mama mdogo aliipitisha elfu tano juu ya kichwa cha yule kijana mara tatu kabla ya kumpa, na MC akaigeuza ile elfu tano kuwa beti nyingine nzima.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayoshika singeli isiruke ikapotea: kiuno kinachohesabu polepole, na majina. Naomba msomaji ayabebe hayo mawili tunapokwenda Jinja.

Tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015, kando ya mto Nile, mjini Jinja, Uganda. Waanzilishi wake, Derek Debru kutoka Ubelgiji na Arlen Dilsizian kutoka Ugiriki, walikuwa wakiandaa shoo za usiku Kampala kwa jina la Boutiq Electroniq, na kutokana na hizo likazaliwa tamasha, kisha lebo ya Nyege Nyege Tapes. Mwaka 2017 lebo hiyo ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliokusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na huo ndio mlango ambao singeli ilipitia kwenda kwa wasikilizaji wa nje. Zikafuata kazi za Bamba Pana, Jay Mitta na Duke. Mwaka 2022 ikaja albamu ya DJ Travella, kijana ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini au ndiyo kwanza anaifikia, na 2024 Sisso na Maiko wakatoa Singeli ya Maajabu. Kwa namna ya pekee, studio za vichochoro vya Dar zikawa zinazungumzwa na watu wanaofuatilia muziki mpya Berlin na London kuliko zinavyozungumzwa Masaki, mtaa wa wenye nacho hapa hapa Dar.

Nawashukuru waliofanya kazi hiyo, na nalisema hilo bila kusitasita. Waliwatafuta watengenezaji wa biti kwa majina, wakaweka majina yao kwenye majalada, wakati hapa nyumbani prodyuza wa singeli alikuwa hatajwi popote zaidi ya ile sauti fupi ya kujitambulisha mwanzoni mwa wimbo. Nyimbo zilikuwa zinasambaa kwa flashi na memori kadi, kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo, na kikishafika kwenye simu ya dereva wa bodaboda, kipande hakina tena mwenyewe.

Nimefika kwenye tamasha hilo. Nilikwenda kwa basi, kupitia Nairobi na Busia, mwaka ambao lilihamishiwa Itanda, penye maporomoko ya Nile nje ya Jinja. Jukwaa moja lilikuwa linapiga muziki wa kaskazini mwa Uganda, jingine watu wa Kinshasa, na kati ya majukwaa kuna chapati za mayai, matope na watu wa kila rangi wasiolala. Kulipokaribia kupambazuka wakapanda wenzetu. Kompyuta moja juu ya meza, programu ya Virtual DJ imefunguliwa, vidole vinabonyeza vitufe vya kibodi kurusha vipande vya sauti kimoja baada ya kingine. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona kibodi yenyewe: herufi kadhaa zimefutika kwa kubonyezwa, na kidole cha kati hakitazami kinakwenda wapi. Umati wa mbele ukaanza kuruka. Uliruka kwenye ule mwendo wa juu kabisa, ngumi hewani, vichwa vinatikiswa, na baada ya dakika kumi nusu yao walikuwa hoi, wameinama wanashika magoti.

Kando ya jukwaa walikuwepo wasichana wachache kutoka Dar na mmoja, kwa lafudhi yake, wa Mombasa. Walikuwa wanacheza kiuno. Polepole, kwa ile hesabu ya moja kwa nne. Wakacheza tangu mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika, na niliona kwa macho yangu jinsi watu waliochoka kuruka walivyoanza kuwasogelea, kuwaangalia, kujaribu. Msichana mmoja wa Kampala alikipata haraka sana. Kijana mmoja mrefu wa Kizungu alihangaika, akacheka, akafundishwa kwa kushikwa mabega ili yasitikisike, na mwishowe akatulia kidogo. Dakika zile, kwangu mimi, ndizo ambazo singeli iliwasili Itanda. Kabla ya hapo ilikuwa imefika kasi peke yake.

Na yale majina? MC aliita Mburahati, akaita Tandale, akaita Mbagala. Sisi wachache tukaitika kwa nguvu zote. Akajaribu Kampala, Nairobi, Goma, na hapo umati ukaitika vizuri, maana Wakenya walikuwa wengi na vijana wa Kongo walikuwepo na wanakielewa Kiswahili. Lakini kuita mji si sawa na kumtaja mtu. Hakuna shangazi wa kumsifia, hakuna jirani wa kumpiga kijembe, hakuna noti inayopita juu ya kichwa na kuzaa beti nyingine. Ulaya hali ni ngumu zaidi. Nimeangalia rekodi nyingi za shoo za huko na naona MC akibaki na makelele ya kuamsha watu, ile sehemu nyepesi ya kazi yake, huku uwezo wake wa kutunga hapo hapo, ambao ndio uliompa jina mtaani, ukikosa pa kushika.

Sisemi wasiende. Waende, walipwe vizuri, waone dunia. Ninachosema ni kwamba mialiko ya matamasha karibu kila mara inakuja kwa watu wawili: mwenye kompyuta na mwenye maiki. Nafasi za ndege ni ghali, visa za Ulaya kwa kijana wa Mbagala ni mtihani, na mwandaaji anaona wawili wanatosha kutoa sauti yote. Sauti inatoka, ndiyo. Lakini wacheza kiuno wanne wakisimama mbele ya umati wa Berlin, umati huo utasikia biti nyingine kabisa kutoka kwenye spika zile zile. Ningependa waandaaji walielewe hili kama jambo la muziki wenyewe. Mcheza singeli ni ala. Ndiye anayepiga ule mwendo wa chini ambao prodyuza ameuacha wazi kwa makusudi, akijua mwili wa mtu utaujaza.

Niliwahi kumkuta prodyuza akifanya hivyo. Studio ilikuwa chumba kimoja, trei za mayai zimebandikwa ukutani kuzuia mwangwi, feni imezimwa ili isiingie kwenye maiki, jasho linatutoka sote. Alikuwa na kipande cha kinanda cha sekunde mbili hivi. Akakikata, akakizungusha, akaweka makofi, akaweka firimbi, akapandisha mwendo, halafu akaanza kuondoa vitu. Aliondoa besi kwenye mdundo wa pili, wa tatu na wa nne, akabakisha wa kwanza tu katika kila minne. Nikamuuliza kwa nini anaipunguza wakati ilikuwa tayari imejaa. Akasema, "Dada, akina mama watakaa wapi?" Baadaye akaihamishia biti kwenye flashi, tukatoka nayo hadi kijiwe cha bodaboda ambako kulikuwa na spika, na hakutazama chochote isipokuwa muuza maandazi aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Yule mama alipoanza kutikisika nyuma ya beseni lake, prodyuza akachomoa flashi na tukarudi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Wakati singeli inaalikwa mbali, kigodoro kilichoizaa kinabanwa. Kwa miaka mingi mamlaka katika Mkoa wa Dar es Salaam na kwingineko zimekuwa zikitangaza marufuku ya vigodoro, zikilegeza, zikitangaza tena. Mtaani kwetu nimeona turubai likishushwa usiku watu wamekwisha kula, dijei kapelekwa kituoni na kompyuta yake. Sababu zinazotolewa ni kelele, watoto kuwa nje usiku, uhalifu, na uchezaji wa wanawake. Jinja nako ni hadithi hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda wakati huo, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha, na serikali ikarudi nyuma baada ya kelele za wananchi, mwaka 2022 Bunge likataka lisifanyike, kisha Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti.

Baadhi ya malalamiko ni ya kweli na sitayafunika. Mgonjwa aliyelala nyumba ya tatu ana haki ya usingizi. Binti wa miaka kumi na mitatu hapaswi kuwa peke yake gizani saa tisa usiku katikati ya wanaume waliolewa, na yapo mambo mabaya yaliyotokea kwenye mikesha hiyo ambayo wanawake wa mtaa wanayajua na wanayazungumza kwa uchungu. Lakini hayo yanatibika: taa za kutosha, muda maalumu wa kumaliza, akina mama wenye kauli mlangoni, kibali kinachopatikana kwa mwenyekiti wa mtaa bila kuzungushwa. Marufuku haijamlinda yule binti. Imeuhamisha mkesha kutoka barabarani, mbele ya macho ya mama zake, na kuupeleka kwenye kumbi za pembeni ambako hakuna shangazi.

Kuna heshima iliyokwishaanza kupatikana nyumbani, na ni haki kuitaja. EFM ya Dar es Salaam iliipa singeli nafasi hewani wakati redio nyingine zinaikwepa. Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila wakawa majina ya nchi nzima. Tuzo za Muziki Tanzania zikaweka kipengele cha singeli. Hata kwenye mikutano ya kampeni za siasa sasa singeli inapigwa mchana kweupe, na wanaocheza jukwaani wamo waliokuwa wanaiita muziki wa wahuni.

Ila deni la taarab bado halijalipwa na sioni anayelizungumzia. Vile vipande vya kinanda na gitaa vilivyozungushwa mpaka vikawa muziki mpya vilipigwa na watu. Wapiga vinanda wa vikundi vya taarab walikaa kwenye majukwaa ya Magomeni na Temeke usiku baada ya usiku wakitengeneza zile dakika za mwisho za wimbo, na wengi wao majina yao hayajulikani hata kwa mashabiki wa taarab yenyewe, sembuse kwa mnunuzi wa sahani ya santuri huko Uingereza. Simlaumu kijana wa Mburahati aliyekata kipande akiwa hana hata bando la intaneti. Lakini lebo zenye wanasheria na makumbusho yanayoandaa maonyesho ya sauti za Afrika yana uwezo wa kuuliza: hiki kinanda ni cha nani? Wapigaji wengi bado wapo hai. Wanapatikana. Wengine wanapiga harusini mpaka leo, na ukiwawekea biti ya singeli wanatambua mkono wao ndani ya sekunde chache, hata ikiwa imekimbizwa mara mbili.

Ningependa tamasha moja, popote, lijaribu kuwaweka pamoja: mpiga kinanda wa taarab aanze kwa mwendo wake, prodyuza amchukue hapo hapo na kumzungusha, MC apewe siku nzima ya kukaa na watu wa mahali hapo ajifunze majina yao, na wacheza kiuno wapewe mkataba na malipo sawa na wengine. Hakuna kifaa kipya kinachohitajika. Na kama litafanyika Dar, lifanyike mtaani, turubai lifungwe mapema, na wenye nyumba za jirani waalikwe kwanza kabla ya mgeni yeyote.